Alama za kulungu: tenga za mchana na za usiku kabla ya kufunga ulingo (jukwaa la kuvizia mtini)

Ingia kwenye ardhi ya umma ya kuwindia jimboni Pennsylvania, Marekani, mwishoni mwa Oktoba, na alama za kulungu wa mkia mweupe utaziona mpaka uchoke: kwato kwenye tope, miti iliyochubuliwa gome kwa pembe, kinyesi kando ya mapito. Kuziona si kazi. Kazi ni kujua zipi ziliwekwa mchana, kwa sababu saa halali za kuwinda huishia nusu saa baada ya jua kuzama, na nyingi katika hizo ziliwekwa giza likishaingia. Anayefunga ulingo juu ya alama ya kwanza iliyomvutia atashinda hapo akihesabu kindi.

Upekuzi wa maana hufanywa Februari na Machi, theluji ikishayeyuka na majani mapya hayajachipua. Msimu umefungwa, hivyo hata ukimkurupua dume malaloni hujaharibu kitu. Ana miezi ya kusahau. Mapito yanaonekana wazi na michubuko ya vuli iliyopita ingali pale. Penya hata vichaka vinavyochana suruali, na kila unachokiona kiweke kwenye ramani ya simu. Vuli ikifika unaingia kuhakiki tu, kimya na haraka.

Alama inayodanganya watu kuliko zote ni mparuo, yaani mahali palipoparuliwa na dume. Hukwangua majani na udongo kwa kwato za mbele hadi ardhi ibaki wazi, kisha hukojoa humo, mkojo ukitiririka juu ya tezi zilizo ndani ya miguu yake ya nyuma. Juu yake, kimo cha kifua cha mtu hivi, hakukosi tawi lililoning'inia ambalo ncha yake imetafunwa na kusuguliwa. Kama tawi halipo, huenda ni bata mzinga alikuwa akichakura. Mparuo ulio ukingoni mwa shamba au kando ya barabara ya msituni hutembelewa zaidi usiku, hata ukiwa mkubwa namna gani. Unaofaa ni ule ulio ndani, karibu na kichaka kinene, mapito mawili yanapokutana, na unafaa hasa wiki ya mwisho ya Oktoba na siku za mwanzo za Novemba. Majike wakishaingia joto, madume hukimbizana nao na mparuo hubaki mkavu.

Michubuko ya miti ina habari nyingi zaidi, ila wengi huishia kutazama unene. Mti mnene kama paja uliochubuliwa sana kwa kawaida ni kazi ya dume mkubwa. Mti mwembamba hauthibitishi lolote, maana wakubwa nao huuchubua. Tazama badala yake upande uliochubuliwa: mara nyingi ndio upande aliotokea. Simama kwenye mmoja, inua macho, tafuta wa pili na wa tatu. Ikiwa pande zilizochubuliwa zinaelekea kichaka cha kulala, dume alikuwa anatoka, yaani mstari huo ni wa jioni. Zikielekea malishoni, alikuwa anarudi alfajiri. Mchubuko mpya una unyevu na vipande vya gome vimelala juu ya majani yaliyoanguka. Wa zamani umegeuka kijivu.

Fuata mstari huo kurudi nyuma hadi ulikokaribia malalo. Kwenye vilima, dume mkubwa hupenda theluthi ya juu ya mteremko, upande uliokingwa na upepo: harufu za nyuma yake huletwa na upepo, mbele yake hutazama bonde zima. Lalo lake ni la umbo la yai, peke yake, zaidi ya meta moja kwa urefu. Malalo kadhaa ya ukubwa tofauti yaliyokaribiana ni ya jike na watoto. Ukishajua anapolala, usimsogelee. Meta mia moja au mia na hamsini kuelekea chakula zinatosha, kwa kuwa huamka kabla ya giza na kuzubaa njiani.

Chakula chenyewe, penye msitu usio na mashamba, ni mbegu za mwaloni. Mwaloni mweupe, wenye majani ya ncha za mviringo, hudondosha mbegu Septemba na Oktoba, na kulungu huzipenda kwa kuwa hazina ukali mwingi. Mwaloni mwekundu una majani ya ncha kali. Mbegu zake ni chungu na huliwa hadi majira ya baridi. Mwaloni uliozaa mwaka jana unaweza usizae mwaka huu, kwa hiyo Agosti panda na darubini ukague matawi. Chini yake tafuta maganda yaliyovunjwa, majani yaliyopinduliwa na kinyesi kinachong'aa. Kuhusu vichipukizi: kulungu hana meno ya mbele ya juu, hivyo huacha ncha iliyochanika; ile iliyokatwa safi kwa mshazari ni ya sungura.

Umri wa nyayo usiukisie. Kumbuka mvua ilinyesha lini. Kwato zenye kingo kali ni za baada yake.

Soma na alama za binadamu: utepe mtini, njia ya mabuti, magari kwenye maegesho. Wengi hawaendi mbali na gari, lakini umbali peke yake si dawa. Kichaka cha miiba hatua mia mbili kutoka barabarani, kinachopitwa na kila mtu, kinaweza kuwa na dume kuliko kilima cha mbali. Msimu wa bunduki ukianza, Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani (Alhamisi ya nne ya Novemba), sahau mparuo na mchubuko. Tafuta mahali mgongo wa kilima unapobonyea, maana kulungu wanaowakimbia watu huvukia hapo.

Upepo ndio huharibu mpango mzuri, kwa kuwa humpelekea kulungu harufu yako. Jua likishapasha mteremko, hewa hupanda, basi asubuhi ikikomaa kaa juu ya pito. Jioni hewa hushuka, kaa chini yake. Beba kichupa cha poda, puliza kidogo kila baada ya muda uone hewa inakoelekea. Chagua miti miwili kwa pepo mbili tofauti, na ikiwa hakuna unaofaa siku hiyo, nenda kwingine.

Ulingo uwe wa kufunga kwa mikanda; misumari na skrubu kwenye mti ni marufuku katika ardhi za wanyamapori za jimbo, na chambo cha chakula vilevile. Msimu wa bunduki unadai inchi za mraba 250 za rangi ya chungwa inayong'aa kichwani, kifuani na mgongoni. Mkanda wa usalama ufunge ukiwa bado chini, na bunduki ivute kwa kamba ikiwa tupu ukishakaa.