Nywele za marehemu mama kwenye kidani: ni uchuro?

Shangazi, mama yangu alifariki miezi minane iliyopita. Siku zake za mwisho nilikuwa nikimchana, nikakata kishungi cha nywele na kukificha ndani ya leso. Sasa nataka sonara akitie kwenye kidani niwe nakivaa. Dada yangu mkubwa amekiona, amekuja juu: ni uchuro, kizikwe. Mume wangu naye anasema sitaki kumwacha mama apumzike. Je, nimekosea? – Mwenye Leso

Mwenye Leso, pole sana mwanangu. Miezi minane kwa aliyefiwa na mama ni jana tu, na mumeo mwambie hivyo, kwa upole.

Unalotaka kufanya si geni. Shakespeare, katika wosia wake wa 1616, aliwaachia waigizaji wenzake watatu fedha za kununulia pete za kumkumbuka. Pete za namna hiyo Uingereza zilichorwa jina la marehemu na tarehe ya kufa. Nakshi nyeusi ndiyo iliyokuwa ya kawaida, nyeupe mara nyingi ilikuwa ya mtoto au ya mtu aliyekufa kabla ya ndoa. Malkia Victoria alipofiwa na mumewe Albert, Desemba 1861, alivaa nguo za msiba hadi alipokufa mwenyewe mwaka 1901. (Miaka yote hiyo! Mimi ningemshauri apunguze.) Watu wakaiga: vidani vya jeti, lile jiwe jeusi la Whitby, mji wa pwani ya Uingereza, ambalo asili yake ni miti ya kale, na bangili zilizosukwa kwa nywele za wafu. Nywele, kwa kuwa haziozi upesi kama mwili. Zipo hadi leo kwenye makumbusho, rangi ingali inaonekana.

Kwa hiyo kidani hakinitishi. Kinachonikera ni kingine. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia dada yako, sikupaona. Umeandika “kukificha”, kisha “amekiona”. Yaani amefungua leso akakutana na nywele za mama yake, hajui zimefikaje hapo. Wewe ungefanyaje? Neno uchuro huenda analiamini kwa dhati, na kama ni suala la imani yenu, muulizeni kiongozi wenu wa dini pamoja. Lakini mimi nasikia humo na uchungu wa mtu aliyebaki mikono mitupu.

Mkielewana, kigaweni kile kishungi kabla ya jambo lolote. Kwa sonara peleka nywele chache tu. Enzi za Victoria kulikuwa na minong'ono kwamba mafundi wengine huchanganya nywele za watu baki, na kina mama wengi wakajifunza kuzisuka wenyewe nyumbani. Wewe kaa pale pale anapofanya kazi. Kazi ya moto iishe kwanza, kidani kipoe, ndipo nywele zilizokauka vizuri ziingie na kioo kifungwe. Ukioga, kivue, maji yakipenya, kioo kitafanya ukungu kwa ndani.

Mumeo usimpuuze, pengine anaona usichokiona. Jiulize hivi: siku ukikisahau nyumbani, utaendelea na shughuli zako au utarudi mbio? Kurudi mara moja si kitu. Lakini kama huli, hulali, wala huwezi kutoka bila hiyo leso mkononi, tafuta mshauri wa wafiwa, na uende naye mumeo.

Anza na dada. Usimpigie simu. Nenda kwake na leso ile ile, mwombe radhi kwa kuficha, kisha uifungue mbele yake. Akitaka kuzishika kabla hajasema lolote, mwachie, hata akikaa nazo muda mrefu.