Una shahada isiyo ya ualimu? Tazama masomo yako kabla ya kulipa ada

Mwenye shahada isiyo ya ualimu ambaye moyo wake uko darasani ana njia halali ya kuwa mwalimu kamili: Stashahada ya Uzamili ya Elimu, ile tunayoiita PGDE. Mimi nimepita humo. Nilisoma takwimu Chuo Kikuu cha Dodoma, nikashika vitabu vya hesabu kwenye chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku Urambo, na sasa nafundisha hisabati shule ya kata hapa mkoani Tabora. Vijana wakiniuliza waanzie wapi, jibu langu ni moja: kabla hujalipa ada popote, kaa na matokeo yako ya shahada ujiulize utafundisha somo gani.

Tangazo la ajira ya Mwalimu Daraja la III C, yaani mwalimu wa ngazi ya shahada, humtaka mwenye shahada ya ualimu, au mwenye shahada nyingine pamoja na PGDE, na wote wawili wawe wamebobea katika somo linalotangazwa. PGDE itakufundisha kufundisha, ila somo lenyewe unakuja nalo kutoka kwenye shahada. Aliyesoma kemia, jiografia au Kiswahili hana shida. Wa uhasibu ana masomo ya biashara. Lakini aliyesoma maendeleo ya jamii au rasilimali watu, kipindi chake kwenye ratiba ya sekondari ni kipi? Inaniuma sana kuona kijana ameuza mpunga wa nyumbani, amemaliza PGDE, ndipo anakuja kuligundua hilo.

Ukishajiridhisha, nenda Chuo Kikuu Huria. Chuo hiki kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992 na kina vituo mikoani, Tabora na Kigoma vikiwemo, hivyo huhitaji kuacha kazi ukahamie Dar es Salaam. Vipo vyuo vikuu vingine vinavyotoa PGDE, lakini kwa mwenye familia na kibarua hiki ndicho ninachokipendekeza bila kusita. Kinachodai ni nidhamu. Hakuna wa kukuamsha usome, na ukichoka jioni kitabu kinabaki palepale kilipo.

Sehemu ambayo watu huichukulia kama ya kukamilisha tu ni mazoezi ya kufundisha. Mimi nasema hapo ndipo ualimu ulipo. Nilipangiwa mwalimu mlezi, mama mmoja mtu mzima, na kabla sijashika chaki alinitaka nikae nyuma ya darasa nimtazame. Alikuwa akifundisha namba hasi kidato cha kwanza. Alichora mstari mrefu sakafuni kama reli yetu, kila kituo namba moja: Tabora ni sifuri, kuelekea Kigoma kuna Usoke, Urambo na Kaliua, hizo ni hasi, kuelekea Dodoma kuna Goweko, Itigi na Manyoni, hizo ni chanya. Vituo vidogo aliviacha. Akamsimamisha binti mmoja Kaliua, akamwambia, "Uko hasi tatu. Jumlisha tano, nenda." Binti akatembea, darasa zima likihesabu kwa sauti, akafika Itigi, na nusu ya darasa ilikuwa imeshapaza sauti "mbili!" kabla mguu haujatua. Nilikuwa na shahada ya takwimu, lakini kitu kama kile sikuwahi kufundishwa. Baadaye alikaa na mimi tukapitia azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha wa muhula, na andalio la somo, mpango wa kipindi kimoja, mstari kwa mstari, akinidai nieleze kila dakika mwanafunzi atakuwa anafanya nini. Ukipewa mlezi wa aina hiyo, mng'ang'anie.

Utasikia kwamba kuna shule binafsi zinachukua watu bila ualimu, sasa kujisumbua kwa nini. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka anayefundisha awe amesajiliwa kuwa mwalimu au awe na leseni ya kufundisha, na mwaka 2018 ikatungwa Sheria ya Bodi ya Kitaaluma ya Walimu. Asiye na sifa hulipwa anavyopangiwa, na siku wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakitarajiwa anaambiwa asionekane shuleni. Ndugu yangu, hayo si maisha ya mtu aliyesoma. Na anayekuletea habari za cheti cha kununua mfukuze: uhakiki wa mwaka 2017 uliwakuta watumishi wa umma 9,932 na vyeti vya kughushi, na kazi zao ziliishia hapo.

Kwa wenzetu wa Kigoma waliosoma Burundi, Kongo au Uganda: shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) itambuliwe, na matokeo ya sekondari hupelekwa Baraza la Mitihani (NECTA) yapatiwe ulinganifu. Anza na hilo mapema.

Mwenye kidato cha nne au cha sita hahitaji mzunguko huu. Vyuo vya ualimu viko jirani, Tabora na Ndala huku kwetu, Kasulu na Kabanga upande wa Kigoma, na ukishaajiriwa unaweza kujiendeleza ukiwa kazini.

Nyaraka nazo zisikuangushe. Majina yafanane kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi cha PGDE. Yakitofautiana, shughulikia kisheria sasa. Chukua vyeti halisi, maana matangazo ya serikali hukataa hati za matokeo, na kumbuka ukomo wa umri wa miaka 45 wanaouweka. Walimu siku hizi wanafanya usaili wa Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo usifungie madaftari yako kabatini.

Ukifika kituo cha Chuo Kikuu Huria, swali la kwanza kwa mratibu liwe mazoezi ya kufundisha yanaanza lini na yanachukua wiki ngapi, ili uombe likizo kwa mwajiri wako kabla ratiba haijakubana.