Jibu: Nimeona kidoti kipya Andromeda, nitume ripoti leo usiku?

USITUME. Umepiga picha Andromeda, ile galaksi jirani yetu, ukaona kidoti unachodhani ni nova, yaani nyota inayowaka ghafla kisha ikafifia. Nimesoma swali lako mpaka pale uliposema "kwenye picha ya intaneti hakipo" nikashika kichwa, maana hapohapo ndo nilipozikwa mimi.

Hiyo picha ya intaneti ni ipi mkuu? Kama ni zile za sahani za kioo za zamani, walizopigia picha kabla ya kamera za kidijitali, za blu, yaani zinazonasa mwanga wa blu, basi simama. Kamera yako umesema haina filta, maana yake inakula mwanga mwekundu vizuri tu, na sahani ya blu huo mwanga haiuoni. Ukizilinganisha hizo mbili kila nyota nyekundu ya Andromeda itakuja kwako kama mpya, imevaa shela kama bibi harusi.

Mimi ilikuwa Novemba, niko Arusha, darubini ya inchi 8 uani, mvua za vuli zimetupa likizo ya usiku mmoja, saa nne hivi Andromeda imesimama juu ya Meru. Nikapiga picha 70 za dakika mojamoja, nikaziunganisha, nikaanza kukagua. Kidoti! Magnitudi 18 na ushee (kipimo cha mwangaza, namba ikiwa kubwa ndo hafifu zaidi), kwenye mkono wa galaksi wa kusini-magharibi. Nafungua ile picha ya blu, hakipo. Dah. Nikamwamsha mke wangu saa nane usiku aje aone pikseli nne, akaangalia, akaniuliza kama geti nimefunga.

Nikatuma ripoti CBAT, ofisi ya kimataifa inayopokea taarifa za vitu vipya angani, kule kwenye ukurasa wa vitu vinavyosubiri kuthibitishwa. Ningeishia hapo ingekuwa aibu ya bure, lakini kesho yake nikakodi darubini ya nusu mita iliyoko Hispania, ile ya kulipia kwa saa unaiendesha kwa intaneti, laki mbili na nusu imekwenda, hela ya bati za banda la kuku, ili "nithibitishe". Na kidoti kipo! Mwangaza uleule! Nikanunulia ofisi nzima soda.

Sasa ona ujinga wangu. Nililipa laki mbili na nusu kuthibitisha kwamba nyota ipo, na hakuna mtu aliyebisha kwamba ipo, swali lilikuwa imeanza kuwepo lini. Siku ya tatu likaja jibu la mstari mmoja kutoka kwa mzee mmoja mzoefu: angalia picha zako za mwaka jana. Nikaangalia. Kipo. Septemba kipo, Oktoba kipo, nimekipiga picha mwenyewe mara tano. Ni nyota kubwa nyekundu ya Andromeda, imekaa pale tangu kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Kuku bado wanalala jikoni.

Na yule jamaa wa YouTube aliyenifundisha kwamba "picha yoyote ya zamani inafaa, kisichokuwepo ndo nova", hajawahi kugundua hata moja, nimepekua, lakini mic anayo nzuri. Nilimwandikia kwenye comments akanijibu kwa emoji ya roketi.

Najifariji kwa Edwin Hubble, mwanaanga wa Marekani. Oktoba 1923 pale kwenye darubini za Mount Wilson, California, aliandika N kwenye sahani yake ya Andromeda, N ya nova, halafu akarudi kwenye sahani za miaka ya nyuma za palepale akakuta mwangaza wa ile nyota unapanda na kushuka, akaikata N akaandika VAR! yaani nyota inayobadilika. Kosa lake likatupa umbali wa Andromeda, langu likanipa deni. Lakini shika hapo: alilinganisha na sahani za kwao.

Ndo ninachokuambia, linganisha na picha YAKO. Darubini ileile, kamera ileile, filta ileile au kutokuwa nayo kulekule. Huna ya zamani? Basi zipige sasa, usiku hadi usiku, uzitunze. Usiogope kuwahiwa, Andromeda inakadiriwa kutoa nova kama 65 kwa mwaka, na nyingi huchukua siku kadhaa hadi wiki kufifia, haikimbii ukienda kulala.

Usije ukafanya na kosa langu la pili. Wiki mbili baadaye kidoti kingine kikatokea, karibu na kiini, kwenye picha zangu zote za nyuma hakipo kabisa, na mimi kwa aibu ya kile cha kwanza nikanyamaza kimya. Baada ya siku nne nikakiona kimetangazwa na mtu mwingine. Kilikuwa nova kweli. Hiyo mke wangu sijamwambia mpaka leo.

Kamera gani ununue sijui uliuliza nini tena huko chini, wadau wengine watakujibu. Nijibu hili kwanza: picha yako mwenyewe ya Andromeda ya mwezi uliopita unayo au huna?