Mteja akinunua meshi kwenye simu, msusi auze nini?

Miaka mitatu iliyopita kabati la kioo lilijaza ukuta mzima wa saluni yangu hapa Katuba, Lubumbashi. Meshi, yaani nywele za bandia za kusukia, mafuta, rangi, defrizan, ile dawa ya kunyoosha nywele: vyote nilivifuata Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita 90 hivi kutoka mjini, na faida yake ndiyo iliyolipa kodi. Leo imebaki rafu moja. Wateja wanachagua meshi kwenye WhatsApp, wanalipa kwa M-Pesa au Airtel Money, pikipiki inawapelekea hadi mlangoni. Kwangu wanafika na mfuko mkononi.

Mwanzoni nilikasirika. Aliyekuja na meshi yake nilimtoza zaidi, na wengine wakahamia kwa jirani. Nilikosea. Kwa miaka mingi nilikuwa nasuka karibu bure na kujilipa kupitia meshi, kwa hiyo meshi zilipoondoka, mshahara wangu uliondoka nao. Dada unayefanya kazi hii, kaa chini jioni hii upige hesabu: rasta ndogo zinakula saa ngapi, zako na za msaidizi wako? Umeme ukikatika, mafuta ya jenereta ni kiasi gani? Mimi niligundua kwamba rasta za saa sita zilikuwa zinaniachia dola tatu. Sasa bei ya mkono, yaani ya kazi yenyewe, imeandikwa ukutani peke yake, meshi ziwe zangu au zako.

Lakini watu hawalipii mkono tu. Wanalipia jicho.

Mama mmoja alikuja na defrizan aliyoagiza kwa simu, boksi zuri sana. Nilimpasua nywele kwa kitana nikaona kichwa kimekwaruzwa, na hazikuwa zimepita hata wiki tatu tangu atie rangi nyeusi. Nikakataa. "Yaya (ndivyo tunavyomwita dada mkubwa), feza niliisha lipa!" Akaenda kwingine. Siku nne baadaye alirudi na vidonda nyuma ya masikio, nikampeleka kituo cha afya. Defrizan nyingi hufanya kazi kwa soda kali au dawa nyingine kali kama hiyo, inayoweza kuunguza hata ngozi isiyo na jeraha, sembuse iliyokwaruzwa. Rangi nyeusi nayo mara nyingi ina dawa inayowawasha na kuwavimbisha baadhi ya watu. Ipake kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, usubiri saa 48 kabla ya kugusa kichwa. Tangu siku ile mama huyo hanunui kitu kabla ya kunitumia picha ya boksi, na nimeanza kuwaomba wateja wote wafanye hivyo. Kumjibu mtu kwa sauti ya WhatsApp kunachukua dakika mbili, na anapokuja tayari tumeelewana.

Jambo linaloniuma zaidi ni wasichana wanaonionyesha picha ya TikTok na kusema, "Kaza, Yaya." Pembeni mwa paji la uso nywele zao zimeshakuwa nyepesi kama za mtoto mchanga. Rasta zilizokazwa mwezi baada ya mwezi zinang'oa mzizi, na mzizi ukishakufa hakuna mafuta ya kuagiza yatakayouotesha. Huwa nawapa kioo kidogo wajitazame wenyewe. Nalegeza mstari wa mbele, natumia meshi chache, nawaambia wapumzishe kichwa wiki mbili kabla ya kusuka tena. Wapo wanaonuna. Mimi sikazi, hata akitaka kuondoka.

Vitana na mashine za kunyolea zisafishwe kwa dawa mbele ya mteja. Hilo halihitaji maneno mengi.

Na wauzaji wa mtandaoni msiwafanye maadui. Kuna binti wa mtaa wa Kamalondo anauza wigi kwenye Facebook, na wateja wake walikuwa wakilalamika kwamba zinabana au zinateleza. Wigi nyingi hushonwa kwa kichwa cha mzingo wa sentimita 56 hivi, na vichwa vyetu havilingani. Tulikubaliana: kabla mtu hajalipa, aje kwangu nimpime kwa futi ya fundi cherehani, bure, kisha nimwandikie binti namba. Jumamosi iliyopita walikuja watano. Wanne walikaa kusukwa mistari papo hapo, maana wigi haikai vizuri juu ya nywele zisizosukwa.