Kuni za kuotea moto Njombe: miwati, mkaratusi au paini?

Ndugu, umesema meko ya sebuleni yanatoa moshi na chumba hakipati joto, na kuni ni mikaratusi iliyokatwa mwezi uliopita. Tatizo si mti, ni maji. Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake yenyewe, na moshi wake huacha masizi ya kunata ndani ya dohani (bomba la kutolea moshi). Masizi hayo yakishika moto, paa nalo linaweza kuungua.

Ningechagua miwati: ni mizito na makaa yake hudumu. Mkaratusi uliokauka nao ni mzuri, ila upasue ungali mbichi. Ukikauka mzima utavunja shoka. Paini ni ya kuwashia tu, huwaka haraka na kuisha.

Pasua vipande vya unene wa sentimita 10 hadi 15, vipange juu ya magogo visiguse ardhi, funika juu, pembeni acha wazi. Subiri miezi 6, kwa baridi ya huko hata zaidi. Kuni kavu ina nyufa kwenye ncha, na ukigonganisha mbili zinalia kwa mlio mkali.

Mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa usichome kabisa, moshi wake ni sumu.

Dohani izibuliwe na fundi kila mwaka. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hewa yake ni sumu. Mkiumwa kichwa na kizunguzungu, tokeni nje mara moja, kisha hospitali.