Mama aliuza mnazi, kaka asema tusiseme

*Shikamoo Shangazi. Mama yetu alifariki mwaka jana, na Novemba hii tutamfanyia misa ya kumbukumbu hapa kwetu Ganda, Malindi. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika historia yake. Sote sita tulisoma kwa mangwe yake, kilabu cha kuuzia mnazi, yaani tembo la nazi. Rozari na kata ya kupimia vilining'inia kwenye msumari mmoja. Ikifika saa kumi na mbili jioni alikuwa akiufunika mtungi, wateja wanavua kofia, anasali Malaika wa Bwana, kisha ndipo anaendelea kupima. Kaka mkubwa, ambaye ni katekista na ndiye aliyekuwa akibeba madumu kwa baiskeli tulipokuwa wadogo, ataka hayo niyaache niandike "mfanyabiashara mdogo". Juzi mjukuu aliuliza ile kata ya nini, akaambiwa ni pambo. Nifanyeje? Na je, siku hiyo tuweke mnazi kidogo mezani kwa heshima yake?*
*Kitindamimba, Ganda*

Marahaba mwanangu, na poleni nyote.

"Mfanyabiashara mdogo"! Nimecheka peke yangu kama mwehu. Hata muuza viberiti ni mfanyabiashara mdogo. Nilipoandika historia ya mama yangu mzazi nilipanga ubatizo, kipaimara, ndoa, watoto, ugonjwa. Ilisomwa vizuri sana. Ukifuta jina ungeweza kumsomea mama yeyote wa jumuiya yetu, na hilo laniuma hadi leo. Hakuna aliyesikia jinsi alivyokuwa akimpunguzisha muuza samaki bei kwa kumwimbia.

Kaka yako ni mfundishaji, kwa hiyo hili analijua kunishinda: mtakatifu aliyetangazwa hatumwombei, twamwomba atuombee. Misa ya marehemu huombwa kwa kuwa aliyekufa alikuwa mtu. Mkimsafisha mama hadi asibaki na doa, padri mmemwitia nini? Tena mimi doa lenyewe silioni. Kule Kana mitungi sita ya mawe haikujazwa uji. Na ile Mithali 31 tunayowasomea akina mama wote wakifa, hebu ifungue mstari wa 16: mwanamke yule asifiwa kwa kununua shamba na kupanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Mizabibu, mwanangu, si mchicha.

Lakini usije ukamfanya malaika wa mangwe. Mnazi umevunja nyumba za watu, na huenda mke wa mteja wake mmoja akawa amekaa benchi la tatu siku hiyo. Kama mama alikuwa na mtu aliyemkatalia kumpimia, liseme. Kama hakuwa naye, usimtungie.

Sasa turudi kwenye ile baiskeli, maana wewe umeipita mbio. Wewe ni kitindamimba, mangwe uliijua kwa karo iliyolipwa. Yeye aliijua kwa madumu yanayomwagikia miguu, anuka tembo njia nzima, na wenzake wa shule wamuona. Sidhani kama ni ukatekista unaomfunga mdomo. Ni yule mvulana. Kwa hiyo usimsomee kanisani kitu asichokiona kwanza, na usilitoe jambo hili kwenye kundi la familia la WhatsApp, mtachomana bure. Nenda kwake jioni, kaa, umwambie: kaka, nataka kuandika na yako, nisimulie zile safari. Kisha nyamaza. Huenda akafoka. Mwache afoke, urudi siku ya pili.

Akikubali, gawa maneno. Kanisa halitaki mahubiri ya misa ya mazishi yageuke sifa za marehemu; familia hupewa nafasi fupi baada ya komunyo, padri akiridhia. Fuateni utaratibu huohuo kwenye kumbukumbu. Pale sema kwa dakika tatu: alizaliwa wapi, alizaa wangapi, aliwasomesha kwa mnazi, na saa kumi na mbili alifunika mtungi akasali. Hayo mengine yangoje nyumbani, chini ya mwembe, ambako hakuna anayetazama saa. Siku mkiipanga kati ya tarehe 1 na 8 Novemba, zuruni na kaburi mumwombee: siku hizo Kanisa hutoa rehema kamili kwa marehemu kwa masharti yake ya kawaida, na katekista wenu atayaeleza vizuri kunishinda.

Ile kata msiitoe msumarini. Mjukuu aitwe tena aambiwe ni ya nini, na kama kaka atakubali, amwambie yeye.

Mnazi mezani? Hapana. Ushamwomba kaka yako mengi kwa mwezi mmoja. Pikeni mahamri na mbaazi, chai iwe ya tangawizi, na wazee wakitaka kingine njia ya kwenda mangweni waijua.