Kilo 120 zimegeukaje 360?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Jambiani. Mama yangu na wenzake wanalima mwani kwa kikundi, nami ndiye ninayewawekea hesabu. Daftari lilipochakaa niliwatengenezea kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta, kwa programu ya MySQL, yenye majedwali matatu: wanachama, mauzo na makato, yaani pesa za kamba, za tai-tai na za mikopo. Bamvua lililopita mwanachama nambari 14 aliuza mara mbili, kilo 70 na kilo 50. Makato yake yalikuwa matatu: shilingi 4,000, 2,500 na 1,500. Ripoti ikasema ameuza kilo 360 na anakatwa shilingi 16,000! Rafiki yangu akanishauri nitie DISTINCT (amri ya kuondoa yanayojirudia) ndani ya SUM (amri ya kujumlisha). Nambari 14 akakaa sawa, lakini nambari 22 anaapa kuwa aliuza kilo 60 mara mbili, na ripoti inampa 60 tu. Wenzake wameanza kumnong'ona. Tena nikitafuta kwa NOT IN (yaani "hayumo katika") wanachama ambao hawakuuza kabisa, orodha inatoka tupu, na mimi nawajua wawili walikuwa wagonjwa. Je, kompyuta imeingia virusi? — Msomaji, Jambiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo jema kuniandikia hesabu zenyewe. Wengi huniambia tu "ripoti haiko sawa" wakaniachia nibahatishe. Virusi hamna. Kanzidata imekujibu ulichouliza, ila ulichouliza sicho ulichokikusudia.

Chukua kalamu tumfuate nambari 14. Umeunganisha mauzo na makato kwa JOIN, kwa nambari ya mwanachama. Wewe unajua kuwa kilo 70 hazina uhusiano na kamba wala mkopo, JOIN haijui. Inachoona ni kwamba nambari zinafanana, basi kila uzo inalikutanisha na kila kato. Kilo 70 zikakutana na kamba, zikakutana na tai-tai, zikakutana na mkopo: mistari mitatu. Kilo 50 nazo mitatu. Sasa una mistari sita. Jumlisha: 70 mara tatu ni 210, 50 mara tatu ni 150, hiyo ndiyo 360 yako. Na kila kato limetokea mara mbili, ndipo 8,000 ikawa 16,000. Edgar Codd wa kampuni ya IBM alipoieleza nadharia ya kanzidata za namna hii mwaka 1970, majedwali aliyaunganisha kwa thamani zinazolingana, na JOIN yako nayo haikuangalia kingine.

Ukiona kosa limetoka mara mbili kamili au mara tatu kamili, mshuku JOIN kabla ya kitu chochote. Ondoa SUM, ondoa GROUP BY (inayokusanya mistari mafungu kwa mafungu), mchague mwanachama mmoja, na uiache mistari itoke mibichi kama ilivyo. Macho yatakuonyesha.

Nasema hivi kwa uchungu. Zamani nilikuwa karani wa hesabu za karafuu huko Wete, na ripoti yangu ilimzidishia kilo mzee mmoja kwa njia hii hii. Nilikuwa nimeshamtajia pesa zake. Siku ya pili nilimfuata hadi kwake, karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, nikamwambia kuwa si hizo. Hakunigombeza. Alinyamaza tu, na kunyamaza kule sijakusahau.

Dawa ni kujumlisha kwanza, kuunganisha baadaye. Mauzo yajumlishwe peke yake:

SELECT mwanachama, SUM(kilo) AS kilo FROM mauzo GROUP BY mwanachama

Makato nayo vivyo hivyo, peke yake. Kila upande ukishabaki na mstari mmoja kwa kila mtu, ndipo uviunganishe na jedwali la wanachama. Hapo tumia LEFT JOIN, la sivyo asiyekuwa na kato lolote atapotea kwenye ripoti pamoja na kilo zake. Pale patakapotoka NULL, yaani nafasi isiyo na thamani, COALESCE itakuwekea sifuri.

Hiyo DISTINCT iondoe leo, usingoje kesho. Haikutibu kitu. SUM yenye DISTINCT hutazama thamani tu: 70 na 50 ni tofauti, ikazihesabu zote mbili, ukadhani umepona. Kwa nambari 22 ilikuta 60 na 60, ikaona ni kitu kimoja, ikaitupa moja. Ukishauriwa DISTINCT na mtu ambaye hajauliza mistari imezidi kwa sababu gani, usimsikilize.

Sasa orodha tupu. Nina hakika kwenye mauzo yako kuna mstari usio na nambari ya mwanachama. Pengine gunia lilipimwa watu wamebanana kwenye mizani, ukaandika kilo ukasahau mwenyewe. NULL si sifuri, maana yake haijulikani. Unapouliza kama mgonjwa nambari 9 hayumo miongoni mwa waliouza, SQL, lugha tunayoiulizia kanzidata, inawapitia wote, halafu inafika kwenye lile gunia lisilo na mwenyewe. Huenda ni la nambari 9! Haiwezi kusema kweli, haiwezi kusema si kweli, inabaki haijulikani, na WHERE hupitisha kweli peke yake. Kwa hiyo NULL moja tu imewafuta wote. Andika NOT EXISTS (yaani "hakuna mstari wenye nambari yake") badala ya NOT IN, wagonjwa wako watatokea. Lakini usiishie hapo. Litafute gunia kwa WHERE mwanachama IS NULL, umjue mwenyewe, kwani kuna mama ambaye hajalipwa. Ukishampata, iwekee safu hiyo sharti la NOT NULL, na gunia lisilo na jina halitaingia tena.

Jambo dogo hukuliuliza: kama tarehe zako zina saa ndani yake, BETWEEN (yaani "kati ya tarehe hii na hii") inasimama saa sita usiku siku ya mwisho inapoanza, na mauzo ya siku hiyo nzima yanaachwa nje. Tumia "ndogo kuliko kesho yake".

Ila kabla hujagusa hata herufi moja ya ripoti, toa vikaratasi vya mizani vya nambari 22, vyote viwili. Mpelekee siku kikundi kimekaa, si pembeni, useme mbele ya wale wale waliomnong'ona kwamba aliuza kilo 120, na kwamba aliyekosea ni wewe.